Mkwawa na watoto waliobaki nyuma



Likitajwa jina la Mtwa Mkwawa wa Uhehe, wengi wetu tuliopita madarasani tunakumbuka mambo mawili. La kwanza ni Lugalo, alipolivunja jeshi la Wajerumani. La pili ni fuvu la kichwa chake, lililokaa ugenini zaidi ya nusu karne. Kati ya hayo mawili mwalimu wa historia hana muda wa kueleza zaidi, kengele imeshagonga. Mimi si mwalimu wa historia. Nafundisha Maarifa ya Uislamu katika sekondari moja hapa Mbeya, na siku za mwisho wa wiki huitwa na wazee wa msikiti kusaidia kusoma hesabu za mirathi. Kazi hii ya pili ndiyo iliyonifanya nianze kumtazama Mkwawa kwa jicho jingine. Nilitaka kujua alilelewa katika nyumba ya namna gani, na baada yake ni nani aliyewalea wanawe.

Naomba nieleweke mapema. Mjadala wa dini ya Mkwawa, ambao ndugu zangu wengi huupenda, si mada ya leo. Inatosha kusema kwamba wajukuu wake tuliowafahamu ni akina Adam na Abdu.

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu masimulizi ya Wahehe wenyewe huanzia huko. Wazee husimulia kwamba alitokea mwindaji mmoja mgeni, Mufwimi, akafika katika nchi ya mtawala mmoja wa Uhehe, akawa anawagawia wenyeji nyama. Binti wa mtawala, Semduda, akapata mimba yake. Kabla mtoto hajazaliwa Mufwimi alikwisha kuondoka, na porini akauawa na nyati. Mtoto wa kiume akazaliwa bila kumwona baba yake, akakulia mikononi mwa mama na babu mzaa mama, na babu yule akamrithisha nchi. Mtoto huyo ndiye Muyinga, na kwake ukatoka ukoo wa Mwamuyinga unaotawala hadi kwa Mkwawa. Mimi hupenda kuwaambia wanafunzi wangu kwamba ukoo uliowasumbua Wajerumani kwa miaka saba ulianza na mtoto ambaye baba yake hakuwahi kumbeba, ila alipata babu aliyemkubali. Hapo darasa zima hunitajia kwa sauti Abdul Muttalib, babu yake Mtume wetu (SAW), hata kabla sijawauliza.

Vizazi kadhaa baadaye akaja Munyigumba, baba yake Mkwawa. Huyu alikuwa mjenzi hasa. Uhehe ilikuwa vijinchi vidogo vidogo, kila kimoja na mtwa wake, na yeye akavikusanya kimoja baada ya kingine, kwa vita na kwa kuoana, mpaka ikawa nchi moja yenye jeshi moja. Aliwasukuma Wasangu wa Merere kutoka bonde la Usangu, wakahamia juu huku upande wa Usafwa, karibu na ulipo mji wa Mbeya leo. Mwanawe Mkwavinyika, ambaye sisi tunamwita Mkwawa, alizaliwa Luhota karibu na mwaka 1855, na utoto wake wote ulikuwa wa kuona baba anakwenda vitani na kurudi na ng'ombe na mateka.

Munyigumba akafariki mwaka 1879, na hapa ndipo mambo ya nyumba yanapoanza. Katika nyumba ile alikuwamo mkwe aitwaye Mwambambe. Inasimuliwa kwamba alitoka katika hali ya utumwa, Munyigumba akamwona ana ushujaa, akampandisha cheo na kumwoza binti yake. Mtu huyu alikula sahani moja na watoto wa mtwa. Alipokufa mzee, mkwe akaitaka nchi. Mkwawa, kijana wa miaka ishirini na kitu, akalazimika kukimbia Ugogo kuokoa roho yake. Baadaye akarudi na watu wake, wakapambana na Mwambambe mahali ambapo tangu siku hiyo paliitwa Ilundamatwe, yaani palipolundikwa vichwa. Mwambambe akashindwa na kufa, Mkwawa akawa mtwa. Wakati huo huo kulikuwa na vita vya Wangoni kutoka kusini, vilivyokwenda hadi 1882 ndipo pande mbili zikakubali kusimamisha. Vita hivyo nawaachia wanahistoria.

Mimi kinachonishughulisha ni Ilundamatwe. Waliolundikwa pale hawakuwa Wajerumani wala Wangoni. Walikuwa Wahehe kwa Wahehe, na kiini cha ugomvi kilikuwa mlango mmoja: mtoto na mkwe. Munyigumba aliyeunganisha nchi nzima hakuiacha nyumba yake ikiwa na neno moja juu ya nani ashike nini baada yake, au kama aliliacha, halikuwa na nguvu ya kumzuia mkwe. Wakati wa uhai wake kila mtu alimwogopa mzee, na hofu ile ikaonekana kama umoja.

Nitatoa mfano wa siku hizi, bila majina. Miaka michache iliyopita tuliitwa katika familia moja hapa mjini. Marehemu alikuwa mfanyabiashara, mtu wa swala tano, ameacha wake wawili, watoto tisa na fremu tatu za maduka. Wosia hakuna, orodha ya madeni hakuna, wasii hakuna. Wakubwa wa mke wa kwanza wameshika funguo, shemeji mmoja aliyekuwa akimsaidia marehemu dukani anadai naye ana mtaji wake mle ndani. Tulikaa vikao sita. Hesabu yenyewe, ndugu msomaji, si ngumu. Mafungu yamekwisha kupangwa na Mwenyezi Mungu (SWT), mwanafunzi wangu wa kidato cha nne anaweza kuyapiga ubaoni kwa robo saa. Kigumu kilikuwa kumpata mtu ambaye pande zote mbili zitakubali ashike kalamu. Siku ya kikao cha nne nilimwona mtoto wa mwisho wa mke mdogo, wa darasa la tatu, amekaa kizingitini anasikiliza kaka zake wakimtukana mama yake. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama tu, kama mtu anayehesabu. Nikajiuliza mtoto yule anajifunza nini kuhusu maana ya ndugu.

Mkwawa naye alijifunza kitu Ilundamatwe, na alichojifunza tunaweza kukiona kwa macho Kalenga. Kuanzia karibu na mwaka 1887 aliamrisha ijengwe ngome ya mawe kuzunguka makao yake. Ukuta mrefu wa kilometa kadhaa, kazi ya miaka, mawe yakibebwa vichwani. Jina la Iringa lenyewe linatokana na neno la Kihehe lilinga, ngome. Wengine husema alijenga kwa sababu ya Wajerumani. Lakini kazi ilianza kabla bendera ya Wajerumani haijaonekana Uhehe. Kwa maoni yangu mtu aliyewahi kufukuzwa kwake na mume wa dada yake hujenga ukuta, na kila mwaka huona haujafika kimo kinachotosha. Habari za utawala wake zinaonyesha mtawala mwenye akili nyingi, mwenye mpango wa vita ambao hata maadui walimheshimu kwao, na papo hapo mwenye shaka kali juu ya walio karibu naye. Vijana wa wakuu waliokuwa chini yake waliletwa Kalenga wakue pale machoni pake, wafunzwe silaha na adabu. Ilikuwa shule, na wakati huo huo ilikuwa dhamana kwamba baba zao hawatainua kichwa.

Agosti 17, 1891, pale Lugalo, Kamanda Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, aliuawa pamoja na askari wake zaidi ya 200. Masimulizi mengi yanasema aliyeliongoza jeshi la Wahehe siku ile alikuwa Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Jina hili la Mpangile naomba msomaji alishike.

Miaka mitatu baadaye, Oktoba 30, 1894, Wajerumani wakiongozwa na Gavana von Schele waliivunja Kalenga. Ndani ya jeshi lile alikuwamo Tom von Prince, yule Bwana Sakarani, aliyekuja kuwa mtawala wa Iringa. Ukuta haukufaa kitu mbele ya mizinga. Mkwawa akatoroka, na kuanzia hapo akawa mtu wa porini, anahama usiku, analishwa na watu wake kwa siri. Wajerumani waliona kwamba hawatamshika kwa bunduki peke yake. Wakatafuta ufa katika nyumba. Kwanza walimrudisha Merere Usangu, adui wa kale wa nyumba ya Munyigumba. Kisha wakaingia ndani ya ukoo wenyewe. Mwishoni mwa 1896 walimweka Mpangile awe mtwa mahali pa nduguye ambaye bado yu hai.

Hebu tufikirie hali ya Mpangile. Mkubwa wake yuko porini, nchi ina njaa, vijiji vinachomwa, na yeye anaambiwa akalie kiti. Akakalia. Haikupita miezi miwili, Februari 1897, Wajerumani wale wale waliomsimika wakamnyonga, kwa tuhuma kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Sisi tunapenda kugawa watu katika mashujaa na wasaliti, na Mpangile amewahi kuwekwa katika kila kapu. Mimi nasema hivi: mgeni alitegemea kwamba ndugu wawili wa nyumba ile watagombana kama walivyogombana mkwe na mtoto mwaka 1879. Alipoona pengine hawagombani kiasi alichotaka, akaleta kamba.

Mkwawa alidumu porini zaidi ya mwaka mmoja baada ya hapo. Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake, fedha ambazo wakati ule ni utajiri, na bado Wahehe hawakumtoa. Julai 19, 1898, akiwa mgonjwa, amebakiwa na vijana wachache wa kumtumikia, alifuatwa na kikosi cha Sajini Merkl hadi Mlambalasi. Alipoona hana njia, alijipiga risasi. Wakamkuta amelala karibu na moto, na maiti ya kijana aliyekuwa naye ubavuni. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa Iringa na kisha Ujerumani. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi.

Vitabu vyetu vya shule huishia hapo, vinaruka hadi 1954. Lakini kati ya 1898 na 1954 kuna watoto.

Mmoja wao ni Sapi, ambaye baba yake alipokufa alikuwa bado mdogo. Jamaa za Mkwawa waliondolewa Uhehe na kupelekwa mbali, pwani, wasije wakawa kivutio cha uasi mwingine. Kwa hiyo mtoto wa mtwa akakulia chini ya mkono wa walewale waliomwinda baba yake. Chakula akakipata kwao, amri akaipata kwao, na bila shaka alijua kichwa cha baba yake kimekwenda wapi. Hakuwa na Abu Talib wa kusimama mbele yake. Waingereza walipoichukua Tanganyika na kutaka kutawala kupitia machifu, katika miaka ya 1920 walimrudisha Sapi kwenye kiti cha baba yake. Mwaka 1940 walimwondoa, angali hai, na kumweka mwanawe Adam, kijana wa miaka 20.

Sapi haandikwi sana. Ukitaja Mkwawa, watu wanaruka kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, yeye anakuwa daraja la kupitia. Nadhani hilo si haki. Mtu aliyelelewa na maadui wa baba yake, akapewa kiti na wageni kisha akapokonywa na wageni na kumwona mwanawe akikikalia, na bado nyumba ile haikuzaa Ilundamatwe ya pili, huyo alifanya kazi ambayo Munyigumba mwenye nchi yote hakuiweza. Sijui neno la kumwita, ila katika vikao vyetu vya mirathi nimewaona watu wa aina yake wawili au watatu. Ni wale wanaokubali kupunjwa ili watoto wasipigane.

Adam Sapi Mkwawa ndiye aliyesimama Kalenga Juni 19, 1954, Gavana Edward Twining alipokabidhi fuvu lililotoka katika makumbusho ya Bremen. Wakubwa wa Ulaya walikwisha kuliandika fuvu hilo katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Ile miezi sita ikawa miaka 35. Mjukuu aliyelipokea hakuwahi kumwona babu yake.

Na huyu Adam, ambaye kwa damu alitarajiwa awe mtu wa mkuki, akawa mtu wa kusikiliza. Mwaka 1962 alichukua nafasi ya Abdulkarim Karimjee kuwa Spika wa Bunge, na isipokuwa kipindi cha kati ya 1973 na 1975 alichokaa Erasto Mang'enya, alikalia kiti hicho hadi 1994. Uchifu wenyewe ulifutwa na serikali mwaka 1963 akiwa tayari Spika, na hatukusikia kwamba Uhehe imewaka moto. Karibu miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuwapa watu zamu ya kusema na kuwanyamazisha walioivuka zamu. Alifariki Juni 1999. Watu wa umri wangu tulimjua kwa sauti ya redio tu, sauti ya mtu asiye na haraka.

Mtu anaweza kuniambia kwamba hayo ni tabia ya mtu binafsi na hayahusiani na malezi. Sikubaliani naye moja kwa moja. Ninawaona wanafunzi kila siku. Mtoto aliyetoka katika nyumba ambayo baba na ami wanasalimiana, hata kama ni maskini wa kutupwa, ukimkosoa mbele ya darasa anakutazama usoni. Mtoto aliyetoka katika nyumba ya kesi huangalia mlango kwanza. Sina utafiti wa kukuonyesha hapa, nina madaftari na miaka yangu ya kusahihisha.

Mikoa yetu hii inalijua jambo la yatima kuliko wengi. Utafiti wa kitaifa wa ukimwi wa mwaka 2003-04 uliikuta Mbeya na Iringa, ambayo wakati huo ilikuwa na Njombe ndani yake, zikiongoza nchi nzima kwa maambukizi, zaidi ya asilimia 13 ya watu wazima kila mmoja. Waliokufa miaka ile walikuwa na watoto. Wengine walichukuliwa na bibi, wengine na mashangazi, na wasichana wengi sana wakapandishwa mabasi ya Dar es Salaam kwenda kuwa watumishi wa ndani, wakiwa na umri wa miaka kumi na mbili au kumi na tatu. Wewe msomaji wa Kariakoo, Magomeni au Temeke ambaye mwanao analishwa uji na dada kutoka Iringa, umewahi kumwuliza yeye nani alimlisha? Mama huyo mdogo anampa mwanao kile alichopewa. Huwezi kuajiri malezi ambayo mwenyewe hakupata, kisha ukashangaa mtoto wako amekuwa wa kupiga na kujificha. Nasema hili kwa sababu misikiti yetu ya mijini hukusanya fedha za yatima wakati wa Ramadhani, ilhali yatima yumo jikoni kwetu, analala sakafuni, na hakuna anayemwandikisha hata madrasa ya jioni.

Mwaka jana nilikwenda Kalenga na wanafunzi wa kidato cha tatu, si mbali na Iringa mjini, kama kilometa 15. Makumbusho ni nyumba ndogo. Fuvu liko ndani ya kioo. Wavulana walitaka kuona tundu la risasi, wakasukumana. Msichana mmoja, ambaye najua baba yake alifariki na ami zake wakauza shamba, aliuliza swali ambalo mwongoza wageni hakulitarajia: watoto wake walilala wapi usiku ule alipokufa? Mwongozaji akacheka kidogo, akarudi kwenye habari za Lugalo. Nilimwambia yule msichana kwamba nitamtafutia jibu, na sehemu kubwa ya makala haya ndiyo nilichopata.

Mwaka 2015 alifariki Abdu, mwana wa Adam Sapi, aliyekuwa akitambuliwa na Wahehe kuwa Mtwa wao. Msiba ulikusanya watu wengi. Wazee wa ukoo wakamvika mavazi ya mtwa mwanawe, mtoto ambaye alikuwa bado shuleni, kisha wakaeleza kwamba atarudi darasani, na kwamba mpaka atakapokua mambo ya kimila yatasimamiwa na wakubwa wake.